Chupa ya askari, 1939 na 1942

Jumamosi nilinunua chupa ya maji ya jeshi la Ujerumani kwenye gulio la vitu vikuukuu hapa Leipzig. Ni ile ya ujazo wa lita 0.8, imevaa koti la sufu ya kahawia na kikombe kimefungwa juu kwa mkanda wa ngozi.

Nyumbani nikaivua koti taratibu (vifungo vyake vimechoka mno) nikamulika shingo kwa tochi ya simu. Herufi 3 za kiwanda, kisha 39, yaani 1939. Moyo ulinienda mbio! Kikombe nacho kina 42. Kwa hiyo vipande hivi havikuzaliwa pamoja, ila sioni kama ni dosari, maana kikombe kilipotea kirahisi vitani.

Baadaye katika vita vifaa vingi viligongwa namba ndefu inayoanza na RBNr (kifupi cha Reichsbetriebsnummer, namba ya usajili ya kiwanda) badala ya jina la kiwanda.

Kilichonigusa zaidi ni herufi mbili, K na H, zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu ubavuni. Hizo hazikutoka kiwandani. Nimefuta vumbi tu, sitaing'arisha.