Kutoka AMS hadi DAR: siku yangu na seva ya mzizi

Saa 11 alfajiri. Nikishaswali nafungua grafu kwenye simu. Nodi, yaani nakala, ya seva ya mzizi (seva inayoelekeza kompyuta wapi pa kuulizia majina ya intaneti, kama yale ya .tz ya Tanzania) tunayoitunza hapa Dar es Salaam iko hewani, na toleo lake la faili la mzizi, orodha ya maelekezo hayo, ni lile lile la dunia nzima.

Saa 2:30. Kituo cha data. Paua saplai moja kati ya mbili imekufa tangu juzi. Wenye seva wako ng'ambo: programu yote wanaiendesha wao, sisi tunatoa kabati, umeme, faiba na mikono. Kabla sijagusa bisibisi wanaacha kuitangaza njia ya nodi yetu kwenye BGP, utaratibu ambao mitandao hutumia kutangaziana njia, na maswali yanahamia nodi nyingine. Wengi hudhani duniani kuna seva 13 tu za mzizi. Hayo 13 ni majina, A mpaka M, chini ya taasisi 12. Nakala zenyewe zimepita 1,500, na zote za herufi moja hutumia anwani ile ile.

Saa 4. Kazi imekwisha, njia imerudi.

Saa 5:20. Hapa ndipo siku yangu ilipo. Napima kupitia laini ya mtoa huduma mmoja aliyeunganishwa kwenye swichi yetu, inapokutana mitandao ya hapa. Jibu linatoka AMS, yaani Amsterdam, milisekunde 160! Nodi iko mtaa wa pili, maswali ya wateja wake yanavuka bahari. Nampigia mhandisi wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Kuna nini tena?"

Tunakagua pamoja. Rauta yao ina orodha ya kuchuja njia iliyoandikwa zamani, na anwani za nodi hii hazimo. Ananiahidi kurekebisha baada ya chakula.

Jambo hili linaniuma. Tunashangilia kila nodi mpya inapofungwa, lakini njia za kuifikia hazikaguliwi. Ni kweli jibu la mzizi kuhusu .tz huhifadhiwa na seva za watoa huduma hadi saa 48, kwa hiyo siku ya kawaida mteja hahisi kitu. Lakini tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikaona tunavyotegemea bahari. Siku kama ile nataka swali la "nani anaijua .tz?" lijibiwe hapa hapa, na seva za .tz zenyewe ziwe karibu.

Saa 9. Najaza maombi ya nodi ya Arusha. Safari hii nimeongeza ukurasa mzima: kila mtandao utakaounganishwa upimwe kabla ya kusema tumemaliza.

Saa 12:10 jioni. Mzee anapiga: "Hebu jaribu sasa."

Naandika amri. Milisekunde 2. DAR.