Nilivyopunguza stresi ya kufundisha chuo bila kuacha kazi

Mgomo wa walimu wa vyuo vikuu vya Kenya wa 2025 ulipoisha baada ya siku 49 watu mtaani hapa Malindi walidhani nimetoka kupumzika. Wapi! Kurudi nakuta semista imebanwa, yuniti zangu (masomo ninayofundisha) nne, moja ina wanafunzi zaidi ya mia tatu, skripti zimejaa meza ya kulia mpaka watoto wanakula mkekani, na zile shilingi bilioni 7.9 za malimbikizo ya mishahara tulizogomea zimepangwa kuja kwa mafungu mawili wakati sacco haina mafungu, inakata kila mwezi.

Lakini kilichokua kinanimaliza si darasa manake darasani mie napona. Ni simu, magrupu ya wasapu, saa tano usiku "mwalimu sioni CAT yangu", yani maksi za mtihani mdogo wa katikati ya semista.

Sasa kuna watafiti Meyer na Allen, mwaka 1991 walisema kinachomfunga mtu na kazi ni mambo matatu: unaipenda, au ukiiacha utapata hasara, au unaona ni wajibu wako kubaki. Hio nawafundisha watoto wa menejimenti kila mwaka, ndo siku moja nkajiuliza na mie je? Nkaona chuo chenyewe kinanishika kwa pensheni na mkopo tu, ila somo na wanafunzi nawapenda kweli. Basi nkajua pa kukata ni wapi.

Kamati nkaomba kutoka. Magrupu nkatoka yote, maswali anakusanya klasi repu (mwakilishi wa darasa) ananiletea Jumatano. CAT ikikusanywa kila mtu anasaini karatasi, maksi zikitoka nazibandika mlangoni kwa namba ya usajili, nawapa wiki moja ya kulalamika, kisha ndo nazipeleka. Maksi zilizopotea (wallahi huo ni ugonjwa wa vyuo vyetu) kwangu zimepungua sana, na zile simu za usiku zikafa zenyewe. Jumamosi jioni simu inabaki nyumbani natembea na bwanangu mpaka jeti.

Kazi ngumu ilikua mwenyekiti wa idara. "Mwalimu tusaidie tu na hii yuniti ya tano, wale wa part-time hawajalipwa hawaji." Nkamwambia sawa mwenyekiti, naichukua, wewe niambie katika zile nne ipi nimwachie mwengine. Akacheka, akasema atanipigia, hajapiga, na yuniti nlisikia imepata mtu.

Mshahara kuchelewa ndo sijapata dawa yake, hapo nangoja UASU, chama chetu cha wahadhiri, kama wengine.