Isome Mswada Kwanza, Ndipo Iandike

Ipe programu ya akili mnemba sentensi hii: "Saa mbili asubuhi Mazengo alitoka Ihumwa na baba yake mdogo." Iombe iendeleze kwa aya tatu. Usishangae ukikuta giza limetanda na nyota zinawaka, kwa sababu imeisoma saa mbili kwa hesabu ya Kiingereza, yaani usiku wa manane. Usishangae pia baba mdogo akigeuka mjomba, na wawili hao wakapita chini ya minazi huku upepo wa bahari ukiwapuliza. Ihumwa iko Dodoma, na bahari iko zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapo.

Kosa hapo si la uandishi. Sentensi zenyewe zinaweza kuwa safi kabisa. Kosa ni la usomaji: programu haikushika ulichokwisha kuiambia. Usomaji mzuri ndio ombi kubwa la waandishi wa hadithi wanaotumia zana hizi, ingawa watengenezaji hujisifia wingi wa maneno ambayo programu yao inaweza kumwaga. Mwandishi wa riwaya hana uhaba wa maneno. Anachohitaji ni msomaji asiyechoka, anayekumbuka kwamba sura ya pili shangazi alishamuuza yule ng'ombe.

Tuanze na kumbukumbu, maana matatizo mengi yanazaliwa hapo. Programu haisomi maneno kama sisi. Huyakata vipande viitwavyo tokeni, na kila programu ina kikomo cha tokeni inazoweza kuzishika kwa wakati mmoja. Kwa Kiingereza, kadirio linalotumika sana ni tokeni 1,000 kwa maneno 750. Kiswahili hulipa zaidi, kwa kuwa maneno yetu ni marefu na yamejengwa kwa viambishi, tena mifumo mingi ya kukata maneno ilifunzwa zaidi kwa Kiingereza. Neno kama "hawakutuambia" huweza kukatwa vipande vinne au vitano. Chukua riwaya ya maneno 60,000. Kwa kadirio lile, ya Kiingereza ingemeza tokeni 80,000 hivi. Ikiwa programu yako hutumia wastani wa tokeni mbili na nusu kwa neno la Kiswahili, riwaya hiyohiyo inafika 150,000. Kikomo kikiwa 128,000, mwenzako wa London ameenea na nafasi imebaki, wewe umekosa pa kuweka sura za mwanzo.

Na ni sura za mwanzo hasa zinazoangukia nje. Mazungumzo yakirefuka, programu nyingi hukata ya zamani au huyafupisha kimyakimya, bila kukutaarifu. Sura ya kwanza ndipo ulipoeleza nani ni mtoto wa nani, kijiji kiko wapi, mzee alipoteza jicho gani. Hata yale yaliyoenea ndani ya kikomo hayasomwi kwa uzito mmoja: habari iliyo katikati ya maandishi marefu husahaulika kirahisi kuliko ya mwanzo au ya mwisho.

Ombi la kwanza, basi, ni kipimo kinachoonekana kwenye kioo, kisemacho kwa sura na si kwa tokeni: "Sasa nimeshika sura ya 4 hadi ya 11. Sura ya 1 hadi ya 3 ninazo kwa muhtasari tu, na muhtasari wenyewe ni huu." Mwandishi akiuona muhtasari ataurekebisha kabla haujamharibia kazi. Kwa sasa, njia ya kujihami ni kutofungua mazungumzo mamoja kwa kitabu kizima. Fungua mapya kwa kila sura. Anza kwa kubandika ukurasa mmoja wa mambo yasiyobadilika, kisha aya mbili za mwisho za sura iliyotangulia, ndipo useme unachotaka.

Baadhi ya programu zina daftari la hadithi: unaandika maelezo ya mhusika au mahali, unaweka neno la kuyaamsha, na neno hilo likitokea kwenye sura, maelezo yanasomwa. Wazo ni zuri mno, lakini limejengwa kwa lugha ambayo neno hubadilika mwishoni tu. Sisi tunabadilisha mwanzo. Ukiweka "kisima", maelezo hayataamka kwa "visima". Ukiweka "jicho", "macho" yatapita bila kugusa kitu. Inatakiwa daftari lijue umoja na wingi wa Kiswahili na kiambishi -ni cha mahali. Mpaka hapo, andika maumbo yote wewe mwenyewe: kisima, visima, kisimani, visimani. Kwa wahusika, weka kila jina ambalo mtu anaitwa hadithini, kwa sababu Mama Neema ndiye huyohuyo "mke wa Lusinde", na ndiye "bibi" kwenye sura ya mwisho.

Undugu unahitaji ukurasa wake. Kiingereza kina neno moja kwa mjomba, baba mkubwa, baba mdogo na hata mume wa shangazi, na programu inayowaza kwa Kiingereza huwamwaga wote kwenye kapu la mjomba. Andika mstari mmoja kwa kila jozi, pande zote mbili: "Rehema humwita Mzee Lusinde babu, yeye humwita mjukuu wangu, akitania humwita mke wangu." Bila maneno hayo ya mwisho, programu itausoma utani huo kama kashfa, na wakati mwingine itakataa kuendelea kuandika. Utani wa babu na wajukuu ni jambo la kawaida kabisa kwetu, na mwandishi hastahili kujitetea mbele ya mashine kwa ajili yake.

Sasa lugha yenyewe. Hapa naona ndipo penye kazi kubwa zaidi, na ndipo watengenezaji wanaporidhika mapema mno. Maandishi hayana makosa ya tahajia, kwa hiyo wanahesabu kwamba Kiswahili kimekamilika. Msomaji wetu anagundua kwa sentensi tatu.

Dalili ya kwanza ni kukosekana kwa -ka-. Mashine huandika: "Alifungua mlango na aliingia ndani na aliketi." Msimulizi wa Kiswahili anasema: alifungua mlango, akaingia, akaketi. Hiyo -ka- ndiyo mwendo wa hadithi, na ikitolewa, masimulizi yanakuwa kama taarifa ya polisi. Dalili ya pili ni vimilikishi visivyo na kazi: "alifumba macho yake", "alitikisa kichwa chake". Angetikisa cha nani? Ya tatu ni kudondoka kwa kiambishi cha mtendwa: "niliona Neema" badala ya "nilimwona Neema". Ya nne ni ngeli kupotea pale nomino inapokuwa mbali na kitenzi chake: "mtungi alioubeba shangazi tangu kisimani hadi penye mbuyu ilivunjika."

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo sijui kwa nini halizungumzwi zaidi. Programu nyingi zina adhabu ya kurudia, mpangilio unaoizuia mashine isirudie tokeni ilizokwisha kuzitumia. Kwa Kiingereza inasaidia. Kwa Kiswahili inapiga upatanisho wa kisarufi usoni. Soma hii: "Viti vile viwili vidogo vilivyovunjika vimepelekwa Majengo kwa fundi." Maneno sita yanaanza na vi-, na lazima yaanze hivyo. Adhabu ikiwa juu, na vi- ikiwa imekatwa kama tokeni inayojitegemea, mashine inasukumwa kuikwepa, na upatanisho unavunjika katikati ya sentensi. Takriri nazo zinaumia: polepole, mbiombio, kila mara na kila mara. Ukiona mpangilio wa adhabu unaoanzia -2 hadi 2, uweke 0 unapoandika Kiswahili. Joto, yaani kiwango cha kubahatisha, liweke kati ya 0.2 na 0.4 unapoomba usahihishaji, na 0.8 hadi 1 unapotafuta mawazo ya onyesho. Likipanda zaidi ya hapo, programu huanza kubuni maneno ambayo hayapo katika kamusi yoyote.

Vikaguzi vya tahajia vinavyotegemea orodha ya maneno vina ugonjwa wao. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hutoa maumbo maelfu, hivyo "wasingalimpelekea" hupigiwa mstari mwekundu ingawa ni sahihi. Tanakali za sauti nazo huonekana kosa: kimya jii, jeusi tii, akalala fofofo, likaanguka pu. Mashine ikiombwa "kuboresha" aya, huzifuta hizo kwanza, na aya inabaki safi lakini haina ladha. Kunatakiwa orodha ya maneno ya kulindwa, ambayo mwandishi anaiandika mara moja na programu inaiheshimu katika mswada mzima. Humo ndimo yangeingia pia ya Kigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma. Mhusika wa Bahi au Mvumi akisalimu "Mbukwenyi", abaki hivyo. Asigeuziwe "Hamjambo".

Mahali ni sehemu ya usomaji huohuo. Kwa mashine, hadithi ya Kiswahili ni hadithi ya pwani: jahazi, minazi, mtu aitwaye Zuri au Jabari. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu cha vumbi na upepo. Ukisoma "mvua za vuli zilipokatika, wakangoja masika", ujue programu imeleta kalenda ya Dar es Salaam. Zabibu za huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, ugali unaweza kuwa wa uwele au mtama, na mboga yake mlenda. Jiji lenyewe limepata hadhi ya jiji mwaka 2018 na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, kwa hiyo hadithi ya mwaka 1995 isimshushe mtu kwenye treni ya umeme. Programu iruhusu kufunga mwaka na eneo la hadithi, halafu ipige kengele mwandishi mwenyewe anapoteleza. Huo ungekuwa msaada wa kweli.

Kuhusu uhariri, ombi ni fupi: onyesha kosa, usiandike upya. Aya ikirudi nzima ikiwa imebadilishwa, inamlazimu mwandishi kulinganisha neno kwa neno ili ajue kilichoguswa. Irudi na safu tatu: sentensi ilivyo, tatizo, pendekezo. Na mahali pa kukubali au kukataa moja moja. Tena kiwepo kitufe cha kuzima mawaidha ya mwishoni, maana kila onyesho, hata la watu wawili wanaogombania bei ya karanga, hufungwa kwa mhusika kutazama machweo na kuelewa maisha.

Kuna haja pia ya kumbukumbu ya nani aliandika nini, sentensi kwa sentensi. Amazon, katika huduma yake ya kuchapisha vitabu ya KDP, tangu Septemba 2023 humtaka mwandishi atamke kama maandishi yamezalishwa na akili mnemba, na huyatenganisha na yale yaliyosaidiwa tu. Ukiwa na mswada wa miezi kumi ambao sentensi zako na za mashine zimechanganyika, utajibu nini?

Mtandao na malipo nayapitia haraka. Riwaya ya maneno 60,000, kama maandishi matupu, haifiki hata nusu ya MB. Hakuna sababu isihifadhiwe kwenye simu yenyewe kila aya inapokamilika, ili bando likiisha au umeme ukikatika kazi isipotee. Na malipo yasiwe ya kadi ya dola kwa mwezi peke yake. Mtu anayenunua bando la wiki kwa M-Pesa anaweza kununua kifurushi cha wiki cha programu kwa njia hiyohiyo.

Kabla ya kulipia yoyote, ijaribu hivi. Andika aya ya maneno 200 inayotokea Kondoa au Kongwa, kisha panda makosa sita kwa makusudi: saa iliyohesabiwa Kizungu, undugu mmoja uliogeuzwa, ngeli moja iliyovunjika, msimu mmoja wa mvua usiokuwepo, jina moja lililobadilika katikati, na mfululizo mmoja wa vitenzi uliokosa -ka-. Tia ndani tanakali mbili zilizo sahihi. Iombe programu iorodheshe makosa bila kuandika upya. Hesabu mangapi imeyaona, na mara ngapi imeshutumu kilicho sahihi. Manne kati ya sita bila kugusa tanakali ni programu ya kufanyia kazi. Sita kati ya sita lakini tanakali zimefutwa, ifundishe orodha ya kulinda kisha urudie. Ihifadhi aya hiyo kwenye faili yake pamoja na matokeo na tarehe, uipeleke tena kila toleo jipya linapotoka, kwa sababu mfumo ulio nyuma ya kioo hubadilishwa bila tangazo, na uliyoyapima Januari yanaweza yasiwepo Juni.