Diwani Hakuacha Sababu

Sungura wetu alipewa jina la Diwani na mume wangu, kwa sababu alikuwa na mashavu ya kujaa, alikula mchana kutwa na hakuna kazi aliyowahi kuonekana akiifanya. Wakati huo madiwani walishaanza kuitwa wawakilishi wa wadi, lakini jina likamkaa. Mwenzake, jike wa kijivu asiyetulia, akawa Karani. Walikaa kwenye kibanda cha mbao na waya, balkoni ya ghorofa ya tatu, Umoja, Nairobi, na kila jioni binti yangu wa miaka sita aliwapelekea vikonyo vya sukuma ambavyo mama mboga alimwekea bure.

Majirani hawakutuelewa. Wengi walikulia mashambani, ambako sungura ni mifugo ya watoto: kijana anaanza na wawili, wakizaana anauza wachache, waliobaki wanaishia sufuriani. Jirani wa chini kila tukikutana ngazini alikuwa na swali moja. "Supu iko tayari lini, mama?" Nami nacheka, maana ni mtani wangu.

Diwani alikufa usiku mmoja wa masika ya 2018, mwaka ule wa mafuriko. Jioni yake alikuwa mzima kabisa, hata alimnyang'anya Karani kikonyo. Asubuhi nilipofungua mlango nikamkuta amelala ubavu, miguu ya nyuma imenyooka, macho wazi. Puani hapakuwa na damu wala povu. Pembeni mwa mdomo palitokeza unyasi mmoja, nusu umetafunwa.

Binti yangu alinifuata kabla sijapata la kusema. Akamtazama, akatabasamu.

"Anajifanya."

Ningemlaumu vipi? Katika hadithi zote nilizomsimulia, sungura hufa kila anapotaka kitu. Anajilaza njiani, fisi anapita na mzigo wa nyama, anautua ili amwokote huyu mzoga pia, na mzoga unaondoka na nyama. Binti akageuza ndoo, akaikalia, akasubiri. Baada ya muda aliinama karibu na lile sikio. "Diwani," akanong'ona, "fisi ameenda."

Alirudia. Kisha akaniangalia. "Mama, mwambie aache."

Baba yake alimbeba akampeleka shule akiwa bado anageuka nyuma, na sina uhakika alimweleza nini njiani.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba sungura aliyefiwa aachiwe mwili wa mwenzake kwa muda, la sivyo atamtafuta na pengine asuse chakula. Kwa sungura, kususa si mchezo: matumbo yakisimama hata nusu siku, maisha yamo hatarini. Basi nilimwacha Karani naye, nikakaa chini nikitazama. Alimnusa masikio. Akamlamba paji la uso, akavuta manyoya ya shingoni kwa meno, akapiga mguu sakafuni kwa kishindo kama wanavyopiga wakiona hatari. Diwani hakujibu. Karani akamgeuzia mgongo na kuanza kula. Nilimwonea wivu.

Kufikia saa nne habari ilikuwa imeshuka ngazi zote. Mlinzi alisema ni radi, na kweli usiku ule ilipiga. Tena sungura hufa kwa hofu, hilo si porojo. Mama mboga aliapa kwamba sukuma zake hazina dawa, kabla hata sijamuuliza. Mama mmoja wa ghorofa ya nne alishusha sauti: "Angalia watu." Mwingine akakumbuka kwamba jirani wa chini alikuwa ametega sumu ya panya wiki hiyo, na hilo ndilo lililoniganda kichwani. Supu zake zote za ngazini zikabadilika ladha. Huzuni peke yake ilikuwa haina pa kushika. Hasira ilikuwa na mlango wa kubisha, hatua chache tu chini yangu.

Badala ya kubisha nilimfunga Diwani kwenye leso, nikamtia kwenye katoni ya maziwa, nikapanda matatu hadi mjini, kisha nyingine ya kwenda Kabete, ambako wanyama hupasuliwa kujua kilichowaua. Foleni ya Waiyaki Way haikujali msiba wangu. Makanga aliipiga katoni kwa kidole.

"Ni kuku?"

"Sungura."

"Mbona ametulia hivyo?"

"Amekufa."

Alifikiri kidogo. "Na bado unamlipia nauli?" Abiria wakacheka, nami nikacheka nao, machozi yakinitoka. Mzee mmoja aliyeketi dirishani hakucheka. Alichukua katoni akaiweka magotini mwake, akaishika vizuri hadi niliposhuka Uthiru.

Daktari alikuwa kijana mpole. Jambo la kwanza aliuliza kama nilimweka kwenye friza. Nikasema hapana. Akasema vizuri, kwa sababu barafu huharibu nyama ya ndani na kuficha dalili. Nilisubiri kwenye benchi. Aliporudi alinieleza kwa mpangilio, kidole kimoja baada ya kingine. Kuna ugonjwa wa virusi unaoweza kumwangusha sungura bila dalili. Uligunduliwa China mwaka 1984, na aina yake ya pili ikaonekana Ufaransa mwaka 2010. Huo huharibu ini, na mara nyingi koo la hewa hukutwa lina damu. Ini la Diwani lilikuwa safi, koo safi. Tumbo halikuvimba gesi. Nikauliza sumu ya panya. Zile za kawaida, akasema, huzuia damu kuganda, kwa hiyo angekuta imevujia ndani. Hakukuta tone.

"Basi ni nini?"

"Moyo unaweza kusimama tu, mama, usiache alama. Na sungura huficha maumivu, maana porini anayeonekana mgonjwa ndiye huliwa kwanza. Tutapeleka sampuli, lakini usiweke matumaini sana."

Sampuli zilirudi baadaye bila jibu. Ila siku ile, pale benchini, nilikuwa nimeshajua, na nitasema ukweli: nilitaka lile ini liwe na doa. Nilikuwa nimebeba hasira yangu kutoka Umoja hadi Kabete, na sasa sikuwa na wa kumtwika.

Nilimwacha huko ateketezwe. Kwetu hakuna udongo; ukitoka mlangoni ni saruji, ukifika chini ni mawe ya kabro hadi barabarani. Binti aliporudi shule aliuliza matanga ni lini, nikasema hakuna. Akauliza daktari ameona nini, nikamwambia ametafuta kila mahali na hakuona kitu. "Basi hajatafuta vizuri," akasema.

Jioni mlango uligongwa. Jirani wa chini, na thamosi ya chai na mandazi ndani ya bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Aliketi. Hakutaja supu. Alizungumzia tokeni za stima zinavyokwisha, maji yaliyoingia kwenye maduka ya chini, dada yake wa Kayole. Baadaye kabisa akauliza, "Huyu aliyebaki anakula?" Nikasema anakula.

Binti yangu alitoka balkoni akasimama mbele yake. Sijui asubuhi ile alikuwa amesikia nini na kwa nani.

"Ni wewe ulimuua Diwani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yule mama hakunitazama hata mimi. Aliweka kikombe chini, akamjibu kama anavyojibiwa mtu mzima.

"Si mimi, mama. Mimi humtania mama yako tu."

Binti alimkagua uso mzima, polepole. Kisha akafunua kitambaa, akachagua andazi kubwa.

"Basi ni radi," akasema, mdomo umejaa.

"Ni radi," jirani akakubali, akammiminia chai.