Jumanne ya Pentekoste mjini Echternach

Nchini Luxembourg, Jumatatu ya Pentekoste ni sikukuu ya taifa. Lakini kwa watu wa Echternach, mji mdogo kando ya mto Sûre mpakani na Ujerumani, siku yao hasa ni Jumanne inayofuata, siku ya maandamano yao ya kidini ya kucheza, na hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani alfajiri. Nilipanda basi jijini Luxembourg bila kulipa nauli, maana tangu mwisho wa Februari 2020 usafiri wa umma huko ni bure.

Nilikuta ua wa abasia umeshafurika. Anayeenziwa ni Mtakatifu Willibrord, mmisionari kutoka Northumbria, Uingereza, aliyeanzisha monasteri hapa mwaka 698 na kufariki mwaka 739. Kaburi lake liko chini ya basilika, na mahujaji hulifikia kwa kucheza.

Bendi moja inapiga, ya nyuma yake inapokea, wimbo ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Watu hujipanga watano watano, wakiunganishwa na leso nyeupe wanazoshika kwenye ncha. Mruko mmoja kushoto, mmoja kulia, mstari unasogea. Nilimwona mzee aliyelowa jasho, midomo ikisali, miguu haikosi pigo hata moja. Watoto wa shule walimfuata, wakiruka juu zaidi.

Mama mmoja wa makamo, hujaji kutoka upande wa Prüm, Ujerumani, ambako kwa desturi watu huja kwa miguu, alininyoshea ncha ya leso. Nikaingia. Baada ya mitaa miwili misuli ya miguu inawaka, na hapo ndipo unaelewa kwamba hii ni sala nzito. Zamani waliichezea wagonjwa wa kifafa na jamaa zao, wakiomba uponyaji. Tulishuka hadi kaburini tukiwa bado tunacheza.

Wakubwa walijaribu kuizima desturi hii. Mwaka 1777 Askofu Mkuu wa Trier alikataza muziki na kucheza. Mwaka 1786 Kaisari Joseph II, mtawala wa eneo hilo wakati huo, akapiga marufuku maandamano yenyewe. Wanazi nao wakayazuia. Desemba 1944 basilika ikabomolewa vitani, ikajengwa upya na kutabarukiwa mwaka 1953. UNESCO iliiandikisha desturi hii kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2010, na ni vyema, ila walioiokoa ni watu wa kawaida waliorudi mtaani kila marufuku ilipolegea. Hao ndio ninaowavulia kofia.

Mchana tulikula chapati ndogo za viazi vilivyokwaruzwa, vikachanganywa na kitunguu na kukaangwa, wenyewe huziita Gromperekichelcher. Yule mama akaniuliza kama kwetu tunacheza kanisani. Nikamweleza jinsi vipaji vinavyopelekwa altareni kwa vigelegele, kwaya ikiyumba, kina mama wakiwa mbele na vikapu vya mahindi na kuku. Akataka kuona hatua zenyewe. Tukasogeza viti, nikamwonesha palepale, naye akazidaka upesi.