Dan-no-ura, Taira walipozama

Jamani nimefika Shimonoseki, Japani, pale Dan-no-ura ambapo mwaka 1185 ukoo wa Minamoto uliwamaliza ukoo wa Taira vita ya baharini, mfalme mtoto Antoku akazama na bibi yake, inauma. Mkondo wa mlangobahari wa Kanmon unaenda kasi balaa na bado mimeli inapita hapohapo. Bustanini kuna sanamu mbili, Yoshitsune, jemadari wa Minamoto, karuka juu juu na Tomomori wa Taira kainua nanga anajitosa nayo, mimi huyu aliyeshindwa ndo kanikosha zaidi! Kaa wa huku mgongoni wana sura kama mtu kanuna, ati ni roho za Taira. Hekalu la Akama Jingu lina geti jekundu chini jeupe, na ndani kuna sanamu ya Hoichi, yule mwanamuziki kipofu wa hadithini aliyenyofolewa masikio na mizimu. Ukimaliza panda lifti ushuke, utembee chini ya bahari mita 780 mpaka Moji ng'ambo ya pili, bure kabisa.