Siku moja na darasa la nne: MAGAZIJUTO, hasira na mashine ya dukani

Saa 11 alfajiri. Nimeshaswali, chai iko jikoni, na madaftari ya jana yananingoja. Swali lilikuwa moja kwa wote, la MAGAZIJUTO, yaani kujua tendo lipi linatangulia: 2 + 3 × 4. Jibu ni 14, kwa kuwa kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Wengi wameandika 20.

Kosa hili lina maudhi yake. Mtoto amejumlisha 2 na 3 akapata 5, sahihi. Akazidisha 5 kwa 4 akapata 20, sahihi vilevile. Halafu mwalimu anampiga mkasi mwekundu. Kwake yeye hiyo ni dhuluma tupu, na ukilitazama jambo kwa jicho lake, ana haki ya kununa. Mada nyingine za Hesabati mtoto anakosea kwa sababu hajui kitu. Hapa anajua kujumlisha, anajua kuzidisha, na bado anakosa. Sijaona mada ya darasa la nne inayoliza watoto kama hii. Ndiyo maana naweka vema ndogo kwenye kila hatua aliyoipata, kisha pembeni naandika: "Ulianzia wapi?"

Saa 1 na nusu asubuhi. Skuli yetu iko kaskazini ya Pemba, na huu ni msimu wa karafuu. Watoto wanaingia wanapiga miayo kwa sababu usiku walikaa na wazee wao kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Wakati wa kuita majina napita baina ya mabenchi. Mwenye vidole vinavyonukia karafuu simwiti ubaoni mwanzo, namwacha achangamke kwanza. Mtoto aliyelala kidogo hasira zake ziko karibu, na wasiwasi nao unakula nafasi ileile ya kichwa anayoihitaji kuzishika tarakimu.

Saa 2. Naandika MAGAZIJUTO ubaoni nao wanaimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuimba hawana shida. Shida ni kwamba wimbo hausemi kwa nini.

"Nina maandazi 2 mkononi," nawaambia, "na sahani 3 mezani, kila sahani ina maandazi 4. Yote mangapi?"

"Kumi na naneee!" anapayuka mmoja, wenzake wanamcheka, kisha darasa zima: 14. Hakuna hata mmoja aliyesema 20, maana hakuna mtu mwenye akili zake anayejumlisha maandazi na sahani. Hiyo 3 × 4 ni maandazi yaliyokwisha kupangwa, lazima uyajue ni mangapi kabla hujayachanganya na yaliyo mkononi.

Sasa naandika (2 + 3) × 4. Mama kaleta sahani 2, shangazi kaleta 3, kila sahani maandazi 4. Hapo ndipo panapopatikana 20. Wale wa jana naona nyuso zinafunguka. Jibu lao halikuwa takataka, lilikuwa na hadithi yake, ila si hadithi niliyowauliza.

Kisha mtego: 12 − 5 + 3. Wanapiga kelele, "4!" Wimbo umewaponza, kwa kuwa JU inatangulia TO. Nawaeleza kwamba kujumlisha na kutoa ni wa daraja moja, hakuna mkubwa, unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia: 12 toa 5 ni 7, ongeza 3 ni 10. Na hiyo "kushoto kwenda kulia" naionesha kwa mkono, kwa sababu mchana watoto hawa wako chuoni wanasoma msahafu kutoka kulia. Kugawanya na kuzidisha nako ni daraja moja, lakini pale wimbo hauleti madhara. 6 × 8 ÷ 4, uanze kugawanya au uanze kuzidisha, ni 12. Balaa liko kwenye JU na TO, na mimi hukaa hapo muda mrefu kuliko kitabu kinavyotaka.

Saa 3 kasorobo. Kijana mmoja wa benchi la dirishani anasimama, mkononi ana kalkuleta kubwa ya duka la baba yake. Ameificha mkobani tangu asubuhi. Anabonyeza 2 + 3 × 4, anaiinua juu. 20.

"Ticha muongo! Mashine haisemi uongo!"

Darasa kimya. Midomo inamtetemeka, macho yameshajaa maji. Wakati huo sizungumzi Hesabati naye hata neno moja, haitoingia. Namwambia akae. Mtoto wa kike wa nyuma yake anadakia, "Chuoni tumeambiwa mwenye hasira akiwa amesimama akae." Kweli kabisa, nami nashukuru kwa msaada. Anakaa, nampa ruhusa akanywe maji, wengine nawapa swali la kufanya ili wasimkodolee macho. "Mwanamme halii" ni neno lililopigwa marufuku darasani kwangu.

Mabega yanaposhuka ndipo namwendea. Simuulizi kwa nini amepiga kelele. Namuuliza, "Kilichokuudhi nini hasa?"

"Nimefanya sawa na umesema nimekosa."

Haya, sasa tunaongea. Natoa simu yangu, namwambia abonyeze hesabu ileile. 14. Anaitazama simu, anaitazama kalkuleta, na hasira imeshageuka kuwa udadisi. Namweleza kuwa mashine ya dukani inafunga hesabu kila unapobonyeza alama: ukifika kwenye × imeshajumlisha 2 na 3. Simu inangoja isome mstari mzima.

"Sasa jaribu sabuni ya shilingi 2,000 na soda 3 za 1,000."

Anabonyeza 2000 + 3 × 1000. Inatoka 2,003,000. Anaangua kicheko hadi benchi linatikisika.

Saa 4, mapumziko. Mihogo, bajia, askrimu. Mwalimu mwenzangu ananiambia nawadekeza, mtoto anayemwita mwalimu muongo dawa yake anaijua. Namjibu kwamba kwa dawa hiyo mtoto angenyamaza, naam, na bado angeamini 20. Hatukukubaliana, tukala mihogo.

Vipindi vya baadae vilikwenda salama, sina la kusimulia.

Saa 10 alasiri. Napita dukani kuirejesha kalkuleta. Baba mtu amekaa mlangoni.

"Ticha, huyu kanambia mashine yangu mbovu."

"Si mbovu, baba. Ina mtindo wake. Wewe mtu akinunua sabuni na soda tatu unafanyaje?"

Ananionesha kipande cha boksi chenye maandishi ya kalamu. Soda 3, 3,000. Chini yake sabuni, 2,000. Halafu jumla.

"Utazijumlishaje soda hujazijua bei yake?" ananiuliza, kama vile mimi ndiye mwanafunzi. Nimeomba kile kipande cha boksi, akanipa.

Saa 2 usiku. Naandaa swali la kesho kutoka kwenye boksi hilo. Mteja ametoa noti ya 10,000, kanunua sabuni na soda tatu. Nitaandika ubaoni 10,000 − 2,000 + 3 × 1,000 bila mabano, niwaache waifanye kama tulivyosoma leo: kuzidisha kwanza, kisha kutoa na kujumlisha kutoka kushoto kwenda kulia. Watapata 11,000, yaani mwenye duka amrudishie mtu chenji kubwa kuliko fedha aliyotoa. Mtoto wa duka atakuwa pale pale dirishani, nataka nimsikie atakavyopiga kelele mara hii.